Santuri za Roki na Uongo Niliokuzika Nao

Shinyalu, Jumatatu, saa kumi jioni

Baba,

Barua tulizofundishwa shuleni huanza kwa kumuuliza mtu hali yake. Yako naijua. Uko nyuma ya nyumba upande wa migomba, na udongo wako bado haujashikana kwa sababu mvua inanyesha kila siku mchana. Wa kuulizwa hali hapa ni mimi, na jibu ni kwamba nimechoka. Nimechoka na wewe, nimechoka na dada yako Rispa, nimechoka na pasta, na zaidi ya wote nimechoka na mimi mwenyewe. Leo nimemwambia mwalimu mkuu kichwa kinaniuma, nikatoka shuleni mapema. Hakikuwa kinauma. Nimeketi kwa meza yako ya kazi, santuri zako zimejaa sakafuni, na nataka nikueleze mambo yalivyokwenda kabla hujasikia kutoka kwa mtu mwingine huko uliko.

Kwanza, uliondoka vibaya. Silaumu presha, presha imechukua wengi. Nalaumu mpangilio. Wewe, fundi wa redio, mtu wa kufungua kila kitu na kukirudisha bila skrubu kubaki mezani, unaanguka Jumanne asubuhi ukifunga kamba za viatu, na hujaacha neno kuhusu nani akuzike na kwa nyimbo zipi. Kuhusu kuku uliacha maagizo. Kuhusu redio ya yule mteja wa Khayega uliacha karatasi nzima. Kuhusu kaburi lako, kimya, na ulijua fika kwamba wewe na kanisa hamsalimiani.

Acha nikukumbushe ilivyoanza, kwa sababu ulikuwa na tabia ya kusimulia hadithi hiyo ukiruka sehemu zinazokuumbua. Ni miaka kumi na moja sasa. Pasta alihubiri kuhusu muziki wa shetani. Alisema roki imetoka kuzimu, na kwamba ukiizungusha santuri kinyumenyume utasikia ibilisi akiita watoto kwa majina. Mimi na Mama tulikuwa mstari wa tatu upande wa wanawake. Nikasikia kiti kikisukumwa upande wa wanaume, nikajua tumekwisha. Mtu mwingine angesimama atoke. Wewe ulisimama ufundishe.

"Pasta, samahani, hapo umeruka mambo mengi." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yako ya kwanza. Halafu ukaanzia kwenye mashamba ya pamba kule Amerika. Ukasema watu wetu walinyang'anywa ngoma kwa sababu mabwana waliogopa ngoma zinapelekeana habari, wakabaki na makofi na miguu na sauti, mmoja akiita na wengine wakiitikia, hivi hivi tunavyoitikia ngoma za isukuti hapa kwetu. Ukasema wakapata magita wakaimba shida zao, watoto wao wakahamia mijini penye viwanda na kelele, na ikabidi gita litiwe stima ndipo lisikike. Ukasema miongoni mwa waliolipiga gita la stima mapema kabisa alikuwepo mama mmoja mweusi, ameokoka, amevaa koti lake la Jumapili, akilipiga kumsifu Yesu. Ukamnyooshea pasta kidole. "Hii kitu ilizaliwa kanisani. Ni nyinyi mliifukuza nyumbani, sasa mnashangaa inazurura."

Hapo ungekaa chini, Baba. Hapo hata wazee wawili watatu walikuwa wanacheka. Lakini wewe kunyamaza ulikuwa hujui. Ukaingia kwa redio za Amerika zilizokataa kupiga sauti za weusi, halafu vijana wa kizungu wakaimba nyimbo zilezile na kuitwa wafalme. Ukavuka bahari hadi Uingereza, kwa watoto wa bandarini walionunua santuri kwa mabaharia, wakajifunza, wakazirudisha Amerika kana kwamba ni vitu vipya. Mama alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kitambaa kinagusa magoti. Ulikuwa ndiyo kwanza unaingia Zambia, kwenye miji ya migodi, wakati mzee wa kanisa alikushika mkono. Ukachukua kofia yako, ukatoka, na hukurudi tena.

Hata kwa harusi yangu hukurudi. Ulikaa nje kwa kiti cha plastiki, umevaa suti, na mjomba akanipeleka mbele. Nilipotoka ulinikumbatia na kuniambia uliona kila kitu kupitia dirisha. Sijawahi kukuambia kwamba hilo lilinikata. Sasa nakuambia.

Na aliyelipa gharama ya msimamo wako hakuwa wewe. Ni Mama, aliyeendelea kwenda kila Jumapili na kuketi katikati ya akina mama wa ushirika kama mke wa mtu asiyetajwa. Aliwapikia kwa matanga yao, akalala nao walipofiwa, akashika mabega ya kila mjane wa kijiji hiki. Wewe ulikuwa kwa kibanda chako mjini, unatengeneza redio za watu na kuwafundisha historia ya roki watake wasitake.

Haya. Ukafa Jumanne. Jumatano wazee wa kanisa wakaja, wakaketi hapa sebuleni, wakanywa chai, na mkubwa wao akasema, "Mtu aliyetoka kanisani kwa miguu yake hatumrudishi kwa jeneza." Wakasema lakini kama alitubu, hilo ni jambo lingine. Mama alikuwa anaangalia mikono yake. Unajua kwetu mjane haachwi peke yake wiki ya matanga, na wanaokaa naye ni hao akina mama, na hao akina mama wasingekuja bila kanisa. Angekaa na nani? Na mimi, ambaye sijui hata kupikia watu kumi? Senje Rispa, dada yako, akanigeukia. "Wewe ndiye mtoto wake wa karibu. Hakukuambianga kitu?"

Nikasema ulitubu.

Neno lilitoka lenyewe, Baba, na lilipotoka nikalisaidia. Nikasema uliniambia mwezi wa pili, tukiwa tunarudi kutoka mjini, kwamba umeachana na huo muziki na unatafuta nafasi ya kurudi kwa Bwana. Nikauwekea hata mwezi. Mwalimu wa historia kama mimi anajua kwamba uongo wenye tarehe huaminika upesi. Mzee akasema Mungu ni mwema, Senje Rispa akalia kwa furaha, na saa hiyohiyo simu zikaanza kupigwa. Kabla ya jua kutua tenti ilikuwa imefika na Mama alikuwa amezungukwa na wanawake wanane. Aliponiangalia kupitia katikati yao sikuelewa yale macho. Nilidhani ni ya shukrani.

Basi uongo wangu ukachapishwa. Uko kwenye programu ya mazishi, ukurasa wa pili, kwa rangi: "Katika siku zake za mwisho marehemu aliukana muziki wa dunia." Ile picha yako nzuri, ya wakati wa nywele kubwa na suruali zilizofagia barabara, waliikata kifuani ili gita lisionekane. Mkono mmoja uko juu na mwingine umekatwa. Unaonekana kama mtu anayesimamisha gari. Nilipoiona nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya choo nikalia mpaka nikatafutwa.

Rafiki yako Shitanda alikuja. Alikuja kutoka Likuyani na gita lake ndani ya gunia, kwa sababu nyinyi wawili mlikuwa mmeahidiana, tangu mlipokuwa mnapiga dansi pamoja kwa kumbi za hapa na Lugari, kwamba atakayebaki atampigia mwenzake wimbo mmoja. Ndiyo, hilo nililijua. Alipewa programu kama watu wote. Akasoma, akavua miwani, akasoma tena. Pasta alipofika kwenye ile sentensi na kuisoma kwa sauti, akanyamaza ili watu waseme amina, Shitanda aliniangalia mimi moja kwa moja. Halafu akachukua gunia lake akaondoka. Kwetu mtu haondoki matanga kabla hajala. Nyama ilikuwa tayari na obusuma ilikuwa inasongwa, na mzee wa watu akatembea mpaka barabarani bila kugeuka.

Ungedhani hapo ndipo mwisho. Wewe hujui dada yako.

Siku ya kunyolewa, tulipokaa vichwa vitupu chini ya tenti na wazee wa ukoo wakaanza kugawa vitu vyako, kila kitu kilienda sawa. Koti lilienda kwa mjomba. Vifaa vya kazi vilienda kwa binamu yako. Zikabaki zile sanduku nne za santuri, na Senje Rispa, ambaye mpaka leo roki anaiita loki, akasimama akasema hizo haziwezi kugawiwa mtu. Alikuwa amemleta pasta. Pasta akasema toba lazima ionekane kwa matunda, na kwamba Jumapili ya ibada ya shukrani familia italeta santuri zote kanisani, mimi nitatoa ushuhuda, na zitachomwa uwanjani ili vijana waone.

Unajua sheria ya siku hiyo kuliko mimi. Mwenye neno kuhusu marehemu analisema hapo, na asiyelisema amelimeza. Mzee wa ukoo akauliza mara ya kwanza kama kuna mwenye neno. Akauliza mara ya pili. Mara ya tatu aliuliza pole pole akiniangalia, sijui kwa nini, labda uso wangu ulikuwa unaongea. Kichwa changu kilikuwa baridi kwa wembe. Neno nilikuwa nalo. Nikaangalia viatu.

Tangu siku hiyo zimekuwa wiki tano za kuishi na hizi sanduku. Nikitoka shuleni nakuja hapa, nafungua moja, nafunga. Na wewe ndiye unanikasirisha tena, kwa sababu kila santuri ina hotuba yako juu yake. Siwezi kugusa hata moja bila kukusikia. Hii ni ile ya kwanza kabisa, uliyoipata utotoni Lugari, babu alipokuwa anakamua ng'ombe wa mzungu. Mzungu akauza shamba baada ya uhuru, akaenda zake, na mtoto wake akaacha gramafoni na santuri sita kwa banda la maziwa. Babu alitaka gramafoni iwe kiota cha kuku kutagia. Ulilia siku mbili mpaka akakuachia. Hii nyingine ni ya Zambia, ile ulisema ilipigwa na watu wa migodini ambao hawakuwa na mtu wa kuwaambia roki si yao. Hii ndiyo ulikuwa unapiga chifu alipokukuta na kuamuru unyolewe mbele ya baraza, kwa sababu nywele kubwa na gita vilikuwa dalili ya uasi. Ulikuwa unaipenda hiyo sehemu. Ulisema serikali ikiogopa nywele za mtu, ujue muziki umefanya kazi.

Nakumbuka Jumamosi tulizoziosha. Beseni la maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini. Kazi yangu ilikuwa kuzishika kwa kingo, viganja viwili, bila kugusa mistari, nawe unapangusa ukizunguka. Nilikuwa na miaka saba na uliniamini na kitu ulichokipenda. Hukunipa kazi ya kuteka maji Jumamosi, na Mama alilalamika, na ukamwambia mtoto yuko shuleni.

Nakumbuka pia vipaza sauti vya makanisa. Hapa katikati ya Shinyalu na Kakamega mjini hakuna kanisa ambalo amplifaya yake hukuitengeneza, hata ile ya pasta wetu, hata baada ya ugomvi. Walikuwa wanatuma mtu mwingine ailete, nawe unajifanya hujui ni ya nani. Ukishaifunga unaipima. Ulikuwa unaipima na nini? Na roki, mpaka vioo vya kibanda vinatetemeka, halafu unaifuta vumbi na kuirudisha ikahubiri dhidi yako. Ulikuwa ukicheka peke yako kutwa nzima. Na kile kisanduku cha kukwaruza sauti ambacho gita la kwaya linapitia, nani alikiunda? Ulikiunda wewe, ukawapa kupitia kwa Mama, ukamwambia asiseme.

Sikiliza, mimi nusu ya huu muziki siupendi. Nilikuambia ukiwa hai na nakuambia sasa. Yule wa santuri nyekundu analia kama amebanwa kidole na mlango. Lakini kutopenda kitu ni jambo moja, na kukiandikia kaburi la uongo ni jambo lingine.

Ijumaa nilikuwa kidato cha tatu, vyanzo vya historia. Nikaandika ubaoni kama ninavyoandika kila mwaka: nani aliandika, na kwa faida ya nani. Nikasimama na chaki mkononi mpaka darasa likaanza kunong'ona. Kilichokuuma wewe maisha yako yote si kwamba roki inaitwa ya shetani. Ni kwamba walioianzisha walifutwa, wakachukuliwa nyimbo zao na majina yao, na hadithi ikaanza upya na watu wengine. Ungepiga hii meza. "Wameandika upya, Muhonja, wameandika upya mchana kweupe." Na mimi, uliyenilea kwa hiyo hasira, nilifiwa nawe hata wiki haijaisha na tayari nikakuandika upya. Nimekata gita. Nimemweka mtu mwingine kaburini mwako, mtu mpole, aliyetubu.

Sitakudanganya mara ya pili. Pamoja na hayo yote, jana nilipotoka nyumbani nilikuwa nimekusudia zichomwe. Nilikodi mtu wa mkokoteni, tukapakia sanduku nne, nikatembea nyuma yake nikijiambia ni plastiki tu, na Mama ni mtu. Mama alitembea kando yangu. Uwanjani walikuwa wameshapanga kuni, na chupa ya petroli imewekwa kando. Senje Rispa alikuwa amevaa nguo mpya.

Kwaya ikaimba kabla ya ushuhuda. Wimbo wa shukrani, polepole mwanzoni, halafu ngoma zikaingia, na mpiga gita akatoka mbele. Akakanyaga kile kisanduku chako. Gita likapiga mayowe, Baba, yale mayowe yako, na watu wakainua mikono. Akina mama wakarusha vitambaa. Pasta mwenyewe alikuwa anarukaruka amefumba macho. Kuni ziko nje zinangojea roki, na roki iko ndani inabarikiwa. Nilikasirika hivi kwamba nilisahau kuogopa.

Nikapewa maiki. Nikasema, baba yangu hakutubu. Nikasema nilidanganya mimi, siku ya Jumatano, sebuleni kwetu, ili mama yangu asiachwe peke yake, na ule mwezi wa pili niliutunga. Pasta akanyoosha mkono kutaka maiki, nami, sijui ni damu yako au ni wazimu, nikaanza kufundisha. Nikaendelea pale walipokukatiza. Nikaingia Zambia. Nikasema watu wa migodini walitia midundo yao, wakaimba kwa lugha zao, na kwamba hata huku kwetu wapiga gita wa vijijini walikuwa wakipiga kwa vidole na kugonga chupa ya soda kabla mzungu hajawaambia ni muziki. Nikasema gita mliloshangilia sasa hivi, kisanduku chake kiliundwa na mtu mnayetaka kumchomea vitu. Hapo wakazima amplifaya. Nikaendelea bila amplifaya, maana sauti ya mwalimu haihitaji stima.

Senje Rispa alikuwa anasema nina pepo. Mzee mmoja alikuwa ananijia, na mimi tayari nilikuwa najua atakavyonishika mkono. Ndipo Mama akasimama. Nilidhani anaanguka. Wanawake wa pande zote mbili walinyoosha mikono wamdake. Akasema bila kupaza sauti, "Mimi nilijua. Mwezi wa pili wote alikuwa anaipiganga kila siku, na mimi nilikuwa chumba cha pili nikisikia." Akatoka nje mpaka kwenye mkokoteni, akabeba sanduku moja kichwani, akaelekea barabarani. Sanduku moja ni zito, Baba. Mama ana miaka sitini na tisa. Mimi na yule mwenye mkokoteni tukamfuata na zile tatu.

Usifikiri nilipata pongezi. Tulipofika nyumbani alinigombeza kuliko siku zote za maisha yangu. Akasema ningesema siku ile au ningenyamaza milele, na kwamba nimemtoa kwa shimo moja nikamtia kwa lingine. Akasema pia kwamba hakuniomba nidanganye, kwamba alikuwa tayari kukaa matanga peke yake, na kwamba aliniangalia siku ile ili niache. Nilikuwa nimeyasoma yale macho kinyume.

Jumatatu ndiyo siku ya ushirika hapa kwetu, zamu ilikuwa yake. Leo saa nane amepanga viti barazani. Amepika chai ya birika kubwa, ametoa vikombe vinane. Saa tisa hakuna mtu. Mvua ikanyesha, ikaacha, hakuna mtu. Nilimwona mmoja akipita barabarani na mwavuli, akageuza uso upande wa mashamba ya chai ya watu, akapita. Mama ameketi kwa kiti chake na vile vikombe, na mimi nimeketi hapa ndani na barua, na nakuambia kweli, nimekukasirikia kiasi kwamba ungekuwa hai ningekugombeza mpaka ukimbilie kibandani kwako.

Nimeandika mpaka hapo, kisha Mama ameingia. Amesimama mlangoni akaziangalia hizi santuri muda mrefu. Unajua miaka yote hiyo hakuwahi kuingia chumba hiki muziki ukilia. Akaniambia niweke moja. Sikuuliza ipi, nimeweka iliyokuwa karibu, na sindano ikashuka. Amekaa kwa stuli yako, magoti pamoja, amekunja mikono, akasikiliza upande mzima mpaka mwisho. Uso wake haukubadilika. Ilipokwisha akasema haipendi bado. Halafu akasema, "Miaka arobaini na tano niliomba Mungu aizime. Sasa ameizima."

Nilitaka kumshika akanikataza kwa mkono. Akalia kidogo, si sana, akajifuta na kitambaa. Kisha akaniambia niigeuze.

Inalia sasa upande wa pili, na yeye bado yuko kwenye stuli, kwa hiyo namaliza.

Kesho naenda Likuyani kwa Shitanda. Najua anaweza kunifukuza, na akinifukuza nitarudi wiki ijayo. Nitamwambia kwa mdomo wangu, mbele ya watu wake, kisha nitamwomba aje na gita lake atimize mlichoahidiana. Wazee wa ukoo nao nitawafuata, mmoja mmoja, waseme nimemeza neno langu, nami nitalitapika. Na ile programu nitaichapisha upya, hata kama ni nakala ishirini, na picha nzima.

Kwaheri, Baba. Nimekukasirikia na sijamaliza. Lakini naahidi hili: mtu yeyote akiniuliza baba yangu alikufaje, nitamwambia alikufa anaipenda roki, na hakuijutia hata siku moja.

Mwanao,
Muhonja